Alama Zisifutwe

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Naandika katika daftari la michoro la mjukuu wangu. Yeye huchora upande mmoja tu wa karatasi, eti upande wa pili upumue. Karatasi ipumue! Basi huko nyuma ni kwangu.

Mjukuu yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu cha serikali, anasomea sanaa. Miaka yote nimewaambia watu anasomea kazi ya mikono, wakadhani upasuaji. Sikuwasahihisha. Hasa Jirani, ambaye mwanawe ni mhasibu na hajui kusalimia bila kumtaja.

Leo mjukuu ameniambia kazi yake ya mtihani ni kichwa changu, cha udongo. Mwezi mzima ananichora jikoni, kumbe anachukua vipimo! Ijumaa anakuja mtahini kutoka chuo kingine. Akifeli, anarudia mwaka mzima. Nikamwambia kwa kichwa kama hiki hafeli mtu. Kisha nikamwalika Jirani aje kuona. Mdomo huu!

Jumanne, tarehe 9 Juni

Nimekwenda kukagua. Karakana yao ina sinki lililoziba na vumbi la kupanda mchicha. Nikaomba ufagio, nikakatazwa. Wasomi!

Mjukuu akafunua nailoni, akafunua kitambaa kibichi. Nikajiona. Shingo ya kobe! Makunyanzi kama shamba lililolimwa na mlevi. Mifuko ya chini ya macho ingebeba unga kilo mbili. Nikauliza huyu ni nani. Akasema ni wewe, Bibi. Nikamwambia huyo si mimi, huyo ni mama yangu, tena siku ya mazishi yake.

Mwalimu wao, kijana mwenye ndevu na aproni yenye matundu, akasema uso huu umeishi. Nikamjibu na wake utaishi, angoje tu. Nikaagiza nipunguzwe miaka ishirini. Mjukuu akakataa mbele za watu! Akasema kila mstari ameuwekea siku nzima. Mkaidi. Sijui kamrithi nani.

Na Jirani, aliyenizidi miaka miwili na kupaka nywele rangi, ndiye aje aone shingo ile?

Jumatano, tarehe 10 Juni

Mpango wangu ni huu. Saa sita wote huenda kula, saa saba hurudi. Nimefika saa sita na robo. Mlinzi wa karakana akauliza nina shida gani. Nikamwambia mimi ndiye kichwa. Akanitazama, akatazama orodha yake, akanipisha!

Juu ya nailoni kuna karatasi, mwandiko wa mjukuu: ALAMA ZISIFUTWE. Nimesoma mara mbili. Darasa langu la nne halijanitupa. Sawa, mtoto wangu, nani afute alama zako? Mambo ya mtihani siyagusi. Nafuta makunyanzi tu.

Kijiko cha chai na maji kidogo. Jiko langu nililipiga lipu mwenyewe, udongo tunaelewana. Paji la uso, laini. Mashavu, laini. Mifuko ya macho, kwaheri. Shingo ilinitoa jasho. Nyuma ya sikio nikamalizia kwa kidole gumba, hiki chenye kovu la kisu. Nikasogea nyuma. Mwanamwali! Nikafunika, nikarudisha karatasi yake mahali pake. Dakika arobaini. Wao wanachukua mwaka.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Balaa. Simu asubuhi, mjukuu analia. Kuna mtu amefuta alama zote. Nikamwambia atulie, aende ofisi ya mitihani, lazima wana nakala. Akapenga kamasi. Kisha akasema, Bibi, alama za usoni. Mistari. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nikakaa chini. Chai ikapoa.

Nimwambie? Hapana. Mtu mzima hakiri kosa kwenye simu. Nikaenda. Nimemkuta amelaza kichwa mezani, kile chake. Kile changu kilikuwa kinang'aa kama yai. Mwalimu amesema mtahini haahirishi. Kesho saa nne.

Nikasema nitakaa. Nikakaa kwenye kigoda kisicho na mgongo tangu saa tatu hadi saa kumi na moja, bila kusogea. Kiuno kilinitukana matusi yote ninayoyajua. Mjukuu alifanya kazi kimya. Mara moja tu aliniuliza kama jana nilipita huku nikaona mtu. Mimi? Nipite kufuata nini? Akasema, Bibi, usisogee, baki hivyo hivyo. Uso ukaniwaka moto.

Mwalimu alipita akaguna, akasema leo huyu bibi ana kitu. Nikamjibu ni kiuno.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Mtahini ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja puani, moja kichwani. Jirani amekuja na pochi yake ya harusini. Mtahini akakizunguka kichwa mara tatu. Makunyanzi yote yamerudi, mengine mapya! Jicho moja linakwepa. Mdomo umebanwa kama mfuko wa karanga. Akasema huyu mama anaficha jambo, na anajua kwamba tunajua.

Akainama nyuma ya sikio. Akaona alama ya kidole gumba, kovu katikati. Akauliza hii ni makusudi? Mjukuu akasema ndiyo, hiyo ameiacha. Ni sahihi ya msaidizi wake. Nikaficha mkono ndani ya mtandio.

Chini kuna kibao cha jina la kazi. Sikubeba miwani. Jirani akanisomea, polepole, kama anayenyonya peremende: "Bibi Akisema Hajagusa Kitu." Watu wakaangua kicheko. Jirani alicheka hadi akashikilia ukuta.

Amefaulu. Alama za juu kuliko wenzake wote, zile za kwenye karatasi. Macho yaliniwasha. Vumbi la karakana ile!

Njiani nikamuuliza alijua lini. Akasema kabla hajapiga simu, kidole kile amekiona tangu akinyonyeshwa. Nikamuuliza kilio je? Akasema kulia alilia kweli. Kuniuliza ndiko kulikuwa ujanja, maana uso ule alikuwa hajawahi kuupata. Akanishika mkono, akaniita mke mwenzangu. Nikamwambia aniache, nina hasira. Hakuniacha.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Tumepatana. Nimeapa mbele yake, mkono juu, sitagusa tena kazi ya mtu.

Ameniambia kesho mchana wanaondoa nailoni ili kichwa kianze kukauka. Halafu tanuri. Udongo ukishaungua haubadiliki milele. Milele! Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Makunyanzi nimeyasamehe, yana alama zake. Lakini pua ile? Pua ile si yangu, ni ya ukoo wa marehemu mume wangu. Hilo si kosa la sanaa, ni kosa la nasaba, na mtahini hawezi kulijua.

Nimeulizia kwa mbali tu mlinzi hunywa chai saa ngapi. Saa nne.

Nimeosha kijiko. Na safari hii navaa glavu.