Watu mia tatu wa Avenue Mibirizi

Jumatatu, tarehe 18 Juni 1984

Mukutano wa machef wa avenue, Zone ya Kadutu. Mambo mazito! Serikali itahesabu watu wote wa Zaïre, kuanzia tarehe moja Julai, wakubwa kwa wadogo. Citoyen wa Zone, mukubwa wetu sisi machef wote, alitusomea barua, abacost yake imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Katikati ya barua kulikuwa neno moja: avenue isiyofika watu mia tatu itafutwa, itaunganishwa na jirani. Chef wake atarudisha muhuri.

Kurudisha muhuri! Mimi Placide, chef wa Avenue Mibirizi miaka kumi na moja! Muhuri ule ninalala nao chini ya muto. Virginie, muke wangu, anasema siku moja ataamuka na neno ZAÏRE limeandikwa kwenye shavu.

Jirani yetu ni Avenue Mikaratusi, na chef wake ni Donatien. (Serikali ilikataza majina ya ubatizo, lakini daftari langu si ofisi. Hapa ninaita watu namna Padiri alivyowamwagia maji.) Donatien akaniinamia mbele ya wote, akasema, Papa Placide, usiwe na wasiwasi, kwangu nitakuwekea kiti karibu na mulango. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, kusudi wasione. Roho inauma mpaka sasa.

Jioni nimepita nyumba kwa nyumba. Watu mia tatu na kumi na mbili. Bwana asifiwe! Inatosha.

Lakini inatosha kidogo tu.

Jumatano, tarehe 20 Juni

Sikupata usingizi. Kumi na wawili wa ziada ni nini? Familia mbili zikihama, nimekwisha. Virginie anasema, Baba, tulia, watu wanatosha, ukae tu. Wanawake hawajui siasa.

Nimepata njia! Karatasi ya zamani ya Wabeleji inasema mpaka wa Mibirizi na Mikaratusi ni rigole, ule mufereji wa maji ya mvua. Chini yake, kando ya ngazi, kuna nyumba nne za Donatien. Zina watu wengi sana, watoto wanatoka mulangoni kama samaki wadogo, sambaza, kwenye wavu. Sasa, rigole ni nini? Ni shimo. Shimo mutu anaweza kulichimba mahali pengine. Rigole ikipita chini ya nyumba zile, nyumba ziko juu. Zikiwa juu, ni zangu.

Jumamosi iko salongo, kazi ya lazima ya avenue yote. Kila mutu anakuja na jembe lake, na chef ndiye anaonyesha kazi. Nani atauliza?

Jumamosi, tarehe 23 Juni

Salongo tamu! Walichimba wakiimba. Fundi Firmin, ambaye ni seremala wetu, alichimba peke yake kama watu watatu. Saa ine asubuhi nyumba nne zilikuwa za Mibirizi. Nilipiga muhuri kwenye karatasi, pap, hapo hapo, juu ya goti.

Saa tano maman wote wa avenue wakamwaga maji ya kufulia, namna ya kila Jumamosi. Maji yakafuata rigole mupya. Rigole mupya ikaishia jikoni kwa mama muzazi wa Donatien. Mama muzee akatoka nje, povu mpaka magotini, anakimbiza sufuria yake ya maharagi iliyokuwa inateremuka ngazi.

Nilikimbia kuomba radhi. Donatien hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Alikunja suruali, akabeba mama yake mugongoni, akaniambia tutaonana Zone. Na makaratasi.

Jumatatu, tarehe 25 Juni

Hukumu. Citoyen wa Zone alivaa miwani, akasoma karatasi ya Wabeleji mustari kwa mustari. Akasema: mpaka wa serikali hauchimbwi na jembe. Rigole nitaifukia mimi mwenyewe, mikono yangu, bila salongo. Sawa. Lakini kwa kusoma sana, ee Yezu, akagundua kwamba nyumba mbili nilizokuwa nikihesabu zangu tangu mwaka wa 1973 ziko upande wa Donatien! Watu kumi na mmoja!

Donatien akanishika mukono. Akasema yeye peke yake asingefikiri kufungua faili ile, asante sana, Papa Placide.

Ninabaki na mia tatu na moja. Ule mmoja nimeanza kumupenda kuliko watoto wangu.

Jumanne, tarehe 26 Juni

Shida mupya. Maman Rosalie! Anauza sambaza huku soko ya Kadutu, na ndiye anaongoza sala katika shirika letu la Wakristo. Akiimba, hata walevi wanatoa kofia. Leo alitangaza mbele ya meza yake ya samaki kwamba hatahesabiwa. Alisema mufalme Daudi alihesabu watu wake kwa kiburi, na Mungu akatuma tauni. Siku ya kuhesabu atafunga mulango na kufuli. Nyumba saba wamesema watafunga na yeye.

Nilijaribu kumubembeleza. Nikamwambia, Maman, ni karatasi tu. Akanijibu kwamba yeye si mbuzi wa kuhesabiwa jioni kama amerudi zizini. Na akaongeza kwamba hata mbuzi, anayemuhesabu ana nia ya kumula.

Watu wakapiga makofi. Nyumba saba!

Alasiri nilikuwa nikifukia rigole, jasho, vumbi la kiangazi puani. Na pale ndani ya shimo, neno likanishukia. Yosefu na Mariamu! Nao waliitwa kuhesabiwa. Na walitii! Bila kuhesabu watu, Bwana wetu asingezaliwa Betelehemu. Maman Rosalie atajibu nini? Nimetupa jembe, nimekimbia nyumbani kutafuta Maandiko.

Jumatano, tarehe 27 Juni

Siku kubwa ya maisha yangu. Shirika saa kumi, uwanjani kwa Firmin, kati ya mbao. Niliomba nisome mimi. Nilisoma polepole habari ya Kaisari na amri yake, na namna kila mutu alivyokwenda kuandikwa katika muji wa kwao. Nilisoma mara ya pili. Nikaeleza: angalieni Yosefu! Bibi yake ana mimba, njia ndefu, mulima, lakini hakufunga mulango na kufuli. Alisimama, akaenda!

Firmin alilia. Alisema amesikia neno hili kila Noeli tangu utoto huko Mwenga, na leo tu ndiyo amelielewa. Maman Rosalie alipiga magoti kwenye vumbi la mbao, akaomba radhi kwa kunipinga. Watu wote wakasema watafanya kama Yosefu. Wote!

Ninafikiri ningekuwa padiri muzuri. Virginie anasema asante kwa kutokuwa.

Ijumaa, tarehe 29 Juni

Asubuhi avenue yote iko na kazi. Magodoro nje. Vikapu. Kuku wamefungwa miguu. Nikafurahi, nikasema wanasafisha nyumba kwa ajili ya hesabu, ni watu wema. Nikapita ninasalimia kama askofu.

Nikamukuta Firmin, godoro kichwani, bibi nyuma na watoto watano. Nikamuuliza anahama? Akashangaa. Akasema, hapana, Papa Placide, tunaenda Mwenga. Kuhesabiwa. Kwetu. Kama Yosefu.

Nikashika godoro lake kwa mikono miwili.

Nikamwambia Firmin, hapana, hapana, wewe uko wa hapa! Akaniangalia kwa huruma. Akanikumbusha kwamba niliyasoma mimi mwenyewe, mara mbili. Nikakimbia kwa Maman Rosalie. Yuko anafunga kikapu, anaenda kwao Walungu. Nikamweleza kwamba Yosefu ni Yosefu na Kadutu ni Kadutu. Akasimama na mikono kiunoni. Juzi, akasema, ulitwambia tutii Injili, leo unatwambia tuiache. Papa Placide, wewe uko upande gani?

Lori likaja, wakapanda wote. Nililifuata mpaka mwisho wa mutelemuko, ninapunga mikono. Watu wangu walifikiri ninawaaga. Wakaniimbia.

Jumamosi, tarehe 30 Juni

Nimekwenda kwa Padiri. Nilimwomba aje atangaze kwamba neno lile halikuwa la kwenda kwao. Alicheka mpaka miwani ikaanguka ndani ya chai. Alisema hawezi kupinga Injili kwa ajili ya muhuri wangu. Akanipa baraka. Sikuja kutafuta baraka.

Nyumbani ninakuta Virginie na watoto wamevaa viatu. Wanaenda Luberizi, kwa kaka yake, kwenye mashamba ya muchele. Nikapiga kelele: hata wewe! Akaniambia kwa upole kwamba hataki watu waseme chef anasomea wengine tu. Tena mwaka huu kaka amevuna vizuri.

Nilimukumbusha kwamba Mariamu alifuata muji wa mume, hakwenda kwa kaka yake. Akasema Mariamu hakupata kaka mwenye muchele.

Jumapili, tarehe 1 Julai

Hakuna mutu. Nimesikia kuku akitembea.

Jumanne, tarehe 3 Julai

Muhesabu alifika, mwalimu Gérard, kijana mwenye kalamu tatu mufukoni na chaki ya kuandika kwenye milango. Aligonga, nikagonga na yeye. Alipomaliza alitoa jumla: watu thelathini na wanane. Kati yao wagonjwa wanne na mulevi mmoja aliyejitaja mara mbili, akafutwa mara moja.

Nilimweleza yote. Kaisari, mbao, machozi, lori. Gérard aliacha kuandika. Aliniuliza kama ninataka aandike hayo kwenye sehemu ya maoni. Nikasema ndiyo. Akasema nafasi haitoshi.

Donatien alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono nyuma. Watu wake hawasali na sisi, kwa hiyo wote walikuwa nyumbani, wamekaa kwenye viti, wanahesabiwa kama wafalme. Alimwambia Gérard kwa sauti, kusudi nisikie, kwamba nyumba tupu ni nyumba tupu.

Jioni nimeandika malalamiko kwa Zone, kurasa tano. Nimepiga muhuri kwenye kila ukurasa. Labda ni mara ya mwisho. Nililia kidogo, wino ukaenea.

Ijumaa, tarehe 6 Julai

Wamerudi! Toka jana wanarudi, malori kwa malori, na hasira. Maman Rosalie ndiye wa kwanza. Huko Walungu muhesabu alimuuliza analala wapi siku zote. Akasema Kadutu. Yule akafunga daftari, akamwambia, Maman, rudi Kadutu. Firmin hivyo hivyo. Wote hivyo hivyo! Hakuna aliyeandikwa, hakuna hata mmoja! Virginie amekuja na gunia la muchele, hakuniuliza kitu, ameanza kupika.

Leo tulisimama Zone, mimi na Donatien. Yeye alisema sheria ni sheria, usiku wa hesabu umepita, chef mwenyewe ndiye aliwatuma watu. Mimi nilisema wakaaji ni wakaaji hata wakitembea. Nilisema maneno mazuri, sasa siyakumbuki. Citoyen wa Zone alisoma kurasa zangu tano. Alipofika pale ninapoeleza habari ya lori, alitoa kitambaa, akafuta macho, mabega yanatikisika. Kisha akaamua: watu wa Mibirizi hawakuandikwa popote, na serikali haiwezi kupoteza watu. Gérard atarudi Jumanne tarehe 10. Atakayekutwa nyumbani ataandikwa. Hakutakuwa na mara ya tatu.

Mia tatu na moja! Wote wako! Nilimukumbatia Citoyen, akaangalia abacost yake.

Huko nje Donatien akanivuta kando. Alikuwa amechoka, uso wake hauna kicheko. Akasema mama yake ameniombea, sijui kwa nini. Akasema, Papa Placide, ninakupa shauri ya bure, kama ndugu: mpaka Jumanne, usisome kitu.

Aha! Anaogopa.

Jumapili, tarehe 8 Julai

Baada ya misa Padiri amenishika sikio, kweli sikio, akaniambia nikae kimya siku mbili. Siku mbili tu. Virginie amenipikia wali na samaki, akaniambia kitu kile kile. Nimewakubalia wote. Ningefanya nini, mudomo ulikuwa umejaa.

Lakini nimepita kwenye avenue na sikupenda nilichokisikia. Watu wamechoka. Miguu imevimba, kuku wamefia njiani. Maman Rosalie ananisalimia kwa kidole kimoja. Wanaume wamekaa kwenye kivuli kwa Firmin, wananung'unika: kuhesabiwa, kuhesabiwa, kwa nini kuhesabiwa? Tena jana malori ya wanajeshi yalipita mara mbili, na kila mutu anamuuliza mwenzake wanatafuta nini, kama si vijana wa kupeleka jeshini. Je, Jumanne wakikataa kufungua? Mutu mmoja akikosekana, sawa. Wawili wakikosekana, muhuri umekwenda. Chef hawezi kukaa kimya akitazama.

Kosa langu la kwanza sasa ninaliona wazi: nilichagua neno lenye safari. Nimetafuta mchana wote, na nimelipata lisilo na safari wala tauni. Musa! Musa alihesabu watu huko jangwani, kwa amri ya Mungu mwenyewe, kila mutu mbele ya hema lake. Alihesabu wanaume wote wa miaka ishirini na zaidi, wote wenye nguvu ya kwenda vitani, majina yao yaandikwe. Safi kabisa!

Shirika ni saa kumi. Nimekwisha kuvaa. Nitasoma kwa sauti kubwa, na pale kwenye vita nitarudia mara mbili, kusudi wanaume wajue kwamba kuna mutu anayewaheshimu.