Kilo Saba Zilizohamia Ekero

Jumatatu, 14 Julai

Mizani ya posho mill, pale tunaposagisha mahindi, haina huruma. Kilo hamsini na tisa! Muhula uliopita nilikuwa sitini na sita. Kilo saba hizo zilihamia Ekero na rafiki yangu Ayub, baba yake alipofungua duka huko. Mama anasema ni minyoo. Nimemezeshwa dawa mara mbili. Si minyoo! Kwa kina Ayub tulikuwa tunakula sinia moja, tukishindana kufikia nyama ya katikati, mama yake akituuliza ni nani anatufukuza. Aki siku zile!

Jumamosi anakuja kutusalimia. Akinikuta hivi atadhani nilimlilia. Nilimlilia, lakini hayamhusu.

Mpango: nipate rafiki anayekula. Nimemchagua Abdulnasir, jamaa mwenye afya kuliko darasa zima. Saa ya lanchi nikaketi kando yake. Hagusi kitu. Kumbe hufunga sunna kila Jumatatu! Ningekulaje mbele yake? Nikafunga pia, mimi Mkatoliki.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbili Abdulnasir alikuwa michezoni Navakholo. Leo nikamrudia na njaa yangu yote. Wueh! Alhamisi pia anafunga! Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikuuliza, na kwamba amefurahi sana kupata mwenzake.

Mizani: hamsini na nane.

Jumamosi, 19 Julai

Nimevaa suruali mbili na sweta mbili. Jua lilikuwa kali, jasho likanitoka hadi kwenye viatu. Ayub akashuka kwenye boda. Jamani! Shingo imebaki mishipa tu. Yeye ndiye niliyemwogopa wiki nzima!

Akaniuliza kama nina malaria. Nikamwuliza yeye ana nini. Akasema dukani anakula peke yake, na chakula hakipiti.

Ayub ni Mwislamu, kwa hiyo Mama alikuwa amemngoja amchinje kuku, ingokho wetu, mwenyewe, kama zamani, ndipo sote tule. Akatupakulia sahani mbili. Tukazimwaga zote kwenye sinia moja. Tukagombania paja, tukacheka, tukaufuta mchuzi wote kwa obusuma, ugali wa Mama. Machozi yakanilenga. Nikasema ni pilipili. Mama akasema hakuweka pilipili.

Jumapili, 20 Julai

Ayub alirudi kwao jana jioni. Mama amenipashia kuku aliyebaki. Matonge matatu, nikashindwa. Nyama ileile, mchuzi uleule!

Nimewaza tangu tutoke kanisani, na sasa nimejua kosa langu. Nilichagua mtu asiyefaa. Kesho saa ya lanchi nahamia kwa George wa darasa letu. Baba yake ana bucha.