Ukoka Uwanjani kwa Mama Devota

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa majukumu mazito ya kitaifa hakuweza kufika na hivyo anawakilishwa na mimi mwenyewe. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Kupendezesha Nyua za Makazi, ambaye pia ni mimi. Karani wangu Regina, uliyebeba kiti changu kutoka ofisini hadi hapa bila kukiangusha. Waheshimiwa masheikh na mapadri. Wazee wa mtaa. Akina mama wa dagaa. Na ninyi wengine ambao itifaki haikuwaona lakini mpo: Mwakeye! (Kicheko kirefu. Ni saa kumi jioni, na hiyo ni salamu ya asubuhi.) Asanteni kwa shangwe hizo.

Mimi, Elinipa, Afisa Mandhari wa kwanza na wa pekee katika historia ya mtaa huu, nilipohamishiwa Kigoma kutoka Upareni mapema mwaka huu wa tisini na saba, sikulala. Nilifanya fizibiliti stadi ya kina, nyumba kwa nyumba, kupitia dirisha la gari, na takwimu zikanitoa machozi. Asilimia tisini na nane ya viwanja vyenu ni udongo mtupu, mnaufagia asubuhi na jioni mpaka unang'aa kama sinia. Asilimia arobaini na tatu vimeanikwa dagaa. Na asilimia mia moja na kumi na mbili vina maturubai ya wageni waliokimbia vita na kuvuka ziwa. (Sauti: "Mia na kumi na mbili?") Ndiyo, ndugu yangu, kwa sababu nyumba nyingine zina mawili. Takwimu ni sayansi, usibishane nayo.

Ndipo nikabuni Mradi wa Kupendezesha Nyua za Makazi, kwa kifupi MKUNYUMA, ambao kwa kutumia mkakati shirikishi, endelevu na wa kisasa, utahakikisha kila kaya, kuanzia hapa, hadi Katubuka, hadi Buzebazeba, hadi kule juu Kalinzi kwenye kahawa, inakuwa na zulia la ukoka mlangoni, ua wa michongoma uliokatwa usawa wa goti, maua mistari miwili, na kijia cha kokoto cha kumwongoza mgeni asipotee kati ya barabara na mlango wako, ambao ninafahamu ni hatua sita. Ukoka utamwagiliwa mara mbili kwa siku. (Sauti ya kike: "Hayo maji kutoka ziwani atabeba nani?") Yatabebwa kwa mfumo shirikishi, mama, yaani na wewe. (Miguno.)

Sasa nije kwenye pailoti, yaani majaribio, maana wapo wanaosema Elinipa ni maneno tu. Alhamisi iliyopita, kwa mikono yangu hii, Regina akiwa ameshika reke, nilipanda magunia mawili ya ukoka uwanjani kwa Mama Devota, huyu aliyekaa mbele hapa na kanga ya kijani. Kufikia saa moja asubuhi ya Ijumaa hapakuwa na hata jani moja! Nilipouliza, nikaambiwa majirani walipopita na kuona nyasi mlangoni kwa Mama Devota waliingiwa na hofu, wakasema, "Masikini, mwenzetu yu hoi, hata uwanja umemshinda," wakaja na majembe kumi na moja na chungu cha uji, wakapalilia ukoka wangu wote, wakaufagia uwanja, wakamwombea apone. (Vicheko. Mwanamke nyuma: "Sasa tungemwacha na nyasi, wakwe wakija wakute nyoka?") Mnacheka! Mimi iliniuma, na sioni aibu kusema iliniuma. Lakini kiongozi hakati tamaa, na kwenye ripoti nimeandika kwamba ukoka wa majaribio ulivunwa wote, kabla ya wakati, kwa ushiriki mkubwa wa jamii.

Tufike kwenye agizo. Jumamosi hii wageni wa ngazi za juu watakuja kukagua uwanja wa mfano, na uwanja wa mfano ni huo huo wa Mama Devota, kwa kuwa ndio uliokwisha kulainishwa. Ukoka unahitaji mandhari wazi. Turubai hauliruhusu. Kwa hiyo turubai la buluu lililoko pale, pamoja na shangazi wa Mama Devota, Bibi Dunia, na wajukuu watatu wanaolala chini yake, viondoke ifikapo Ijumaa, wapande lori waende kambini, ambako nafasi ipo na nyasi hazipo.

(Mama Devota anasimama.)

"Shikamoo, Mzee. Samahani kukukatiza. Shangazi ametoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, kwa mtumbwi, siku mbili majini, hao watoto mama yao walimzika njiani. Mimi ndiye ndugu aliyebaki. Kambini hamjui mtu. Mzee, nakuomba, panda nyasi zako hata juu ya bati langu, lakini shangazi niachie."

(Makofi.) Makofi hayo nayapokea kwa niaba ya mradi. Mama, nimekusikia, na suala lako litaundiwa kamati ndogo, ila maendeleo hayana shangazi. (Zomeazomea.) Tulieni! Tupaze sauti pamoja: Ukoka kwanza! (Kimya.) Ukoka kwanza! (Regina peke yake: "Hoyee.") Mlango bila nyasi? Regina? (Regina anakohoa.)

Kabla sijaketi, kwa kuwa asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru, nimshukuru Ndugu Feliksi, mpiga picha wetu, aliyekipiga picha kile kibustani cha mapadri kutoka pande kumi na mbili, tukazipeleka makao makuu kama nyumba kumi na mbili zilizokamilika. Namshukuru Regina kwa kuchapa mihtasari ya semina tano bila kupoteza muda kuhudhuria hata moja, maana hazikufanyika. Namshukuru mlinzi wa uwanja wa mpira, aliyegeuka upande nilipong'oa yale magunia mawili, ambayo ndiyo mbegu yote tuliyokuwa nayo. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutaanza kuwatafuta mara mradi utakapokamilika. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wageni wa Jumamosi, ambao kwa busara sijawaalika, kwa sababu hatuna cha kuwaonyesha.

(Regina anafunika uso kwa faili.)

"Mzee," anasema Mama Devota, bado amesimama, "kama wageni hawaji, na ukoka haupo, shangazi anampisha nani?"

Swali zuri sana. Anampisha... Kimsingi, mama, anaipisha nafasi yenyewe. Yaani... Mbona mnainuka? Ndugu wananchi, itifaki! Mwenyekiti hajafunga mkutano! Mnakwenda wapi wote kwa pamoja?

(Sauti, kutoka mbali: "Kwa Bibi Dunia! Kuna wingu la mvua, tunakwenda kumkazia kamba za turubai!")

Regina, na wewe? Regina! Acha basi hicho kiti.