Mashavu Anyamazishwe

Jumatatu, 4 Machi
Habari njema! Meneja wa hoteli atatusikiliza Jumamosi, kisha atachagua kiongozi wa bendi. Nani kama si mimi? Jazi yote inayopigwa pale, kila noti, imetoka kwenye kalamu yangu. Na piano napiga mwenyewe. Kikwazo ni Mashavu, mpiga saksafoni wetu, ambaye kwa bahati mbaya ni kaka wa mke wangu. Akianza kupuliza hakomi. Watu hunisahau kabisa.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu imepatikana. Nimempangia Mashavu karatasi mpya: noti chache mwanzoni, moja mwishoni, katikati anyamaze tu. Atatusaidia kubeba viti. Nilijikuta nacheka peke yangu jikoni. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia ni sanaa.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi ukumbini. Nilitegemea Mashavu awake. Wapi! Aliisoma karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna zaidi, akasema muziki huu unapumua. Kaingia mtegoni mzima mzima. Tatizo dogo: piano yangu iko nyuma ya nguzo. Niliomba isogezwe. Fundi wa hoteli akasema ni nzito, nisogee mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Sielewi. Nilipiga vizuri hadi nikajishangaa. Lakini Mashavu, kwa kukosa kazi, akaenda kusimama mbele! Akawapigisha wageni makofi. Akamnyooshea kidole mpiga tarumbeta aingie, pale pale nilipomwandikia mimi aingie! Meneja akasema kiongozi anajulikana tu, hata hahitaji kupiga. Akampa Mashavu mkono. Mimi aliniuliza nilikuwa nimekaa wapi.

Mashavu alinikumbatia mbele ya dada yake.

"Shemeji, sikujua unanipenda hivi," alisema. "Miaka yote hii hakuna aliyenipa nafasi."

Mke wangu akafuta machozi. Iliniuma sana. Nilitabasamu mpaka taya zikakakamaa.

Jumapili, 10 Machi
Nimeamka na nguvu mpya. Kosa nimelijua: karatasi ilikuwa nzuri mno, nikampa mtu asiyestahili. Meneja atatusikiliza tena wiki ijayo, na safari hii nimejipendelea. Nimepanga wimbo upya, sehemu ya piano ni kunyamaza mwanzo hadi mwisho. Nitasimama mbele, nitanyoosha vidole vyote. Mke wangu ameisoma karatasi, kisha akauliza nani atapiga piano.

Maswali ya watu wasiojua muziki!