Vita vya Mbaazi Kisimani kwa Mwidani

Chumvi niliitia mimi. Nalisema hili mwanzo, mbele ya wote, asije mtu katikati ya habari akadai nimemficha mhalifu. Sasa sogeeni, enyi watu wa Mtongwe na Likoni. Anayekuna nazi na apumzishe mkono, anayesuka ukili na auweke magotini, niwasimulie siku chungu kimoja cha mbaazi kilipobeba maisha ya watu kumi na wanne.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na mbili, na vita vya Mjapani vimepamba moto. Kolombo ilikuwa imekwisha kupigwa kutoka angani, na sisi wa Mtongwe tulikuwa tumekaa uso kwa uso na manowari za Mwingereza na matangi yake ya mafuta, kama panya aliyejenga chini ya kitanda cha paka. Neno likapita mitaani: mwenye jamaa shamba na akimbilie huko mapema. Ndipo shemeji yangu Faki, Faki mpasua magogo, Faki ambaye mibambakofi migumu kama chuma ilimwona ikainama, akaenda Matuga kwa Mzee Mwidani, ndugu wa marehemu baba yake, akarudi na habari kwamba tumepewa mahali pa kujenga.

Na mimi, kwa kuwa nina cheti cha chuo cha kilimo, nikatumwa kwenda kupapima. Niliandika kurasa tisa. Nilieleza udongo, upepo, miti ya kuficha paa lisionekane na ndege, na mwendo wa mtu mzima akikimbia, na mwendo wa mtu huyo huyo akikimbia na godoro. Nikasimama mbele ya mama mkwe wangu, Bi Mwanatatu, malkia wa meno mawili, ngome isiyowahi kutekwa, nikazisoma zote tisa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umesoma vizuri, mwanangu. Je, maji ya huko huivisha mbaazi?"

Nikapekua kurasa zangu. Halikuwamo.

"Basi hujapima kitu. Mimi sihamii mahali nikatafune changarawe uzeeni. Nipelekeni nikapike kwa maji yao. Zikiiva kabla ya adhana ya adhuhuri, nahama. Zisipoiva, Mjapani atanikuta papa hapa, na nitamkaribisha chai."

Faki akaapa kwamba hamwachi mama yake. Mkewe Kadzo akaapa kwamba hamwachi Faki, maana hajui hata shuka lake liko wapi. Mke wangu akaapa naye, na watoto wakafuata mama zao. Na hivyo roho kumi na nne zikaning'inia kwenye mdomo wa chungu.

Asubuhi ya safari Bi Mwanatatu alitupanga uani kama askari, atukague. Alitafuta magadi, kwa kuwa kila mpishi wa pwani ajua kwamba magadi hulainisha hata moyo wa kadhi. Akafungua mafundo yote ya kanga za Kadzo. Akamgeuza Faki mifuko nje. Alipofika kwangu akasita, akaupeleka mkono nyuma, maana mkwe hapapaswi. Akapita.

Na mfukoni mwangu, enyi wasikilizaji, mlikuwa na kifurushi cha magadi nilichokichota gizani jikoni kwa mke wangu. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka watu wangu waishi.

Jeshi likaondoka, malkia juu ya punda, Faki na chungu kichwani kama kofia ya chuma. Saa mbili na nusu mafiga matatu yalikuwa yamesimama kando ya kisima cha Mwidani, maji yamechotwa, moto umeingia vitani. Na Bi Mwanatatu alipogeuka kumkemea punda, mkono wangu ukaruka, ukafunua kifuniko, ukamwaga, ukarudi.

Saa nne mbaazi zililia chunguni kama kokoto. Saa tano zikalia vilevile. Faki akaiminya moja kwa kidole gumba kile kilichozoea shoka, ikamponyoka, ikampiga punda sikioni.

"Hiyo si mbaazi," akasema Kadzo. "Hiyo ni risasi. Tuwapelekee Waingereza."

Bi Mwanatatu akachovya kidole, akaonja mchuzi. "Maji ya chumvi. Nipandisheni punda, turudi Mtongwe."

Mzee Mwidani akasimama, ndevu zikimtetemeka. "Shemeji, matusi mengine yote nitayameza. Kisima hiki nilikichimba kwa mikono yangu. Wanangu saba wamekunywa humo, na walichokosa ni adabu tu. Maji yangu ni matamu."

"Ulimi wangu haujazeeka, Mwidani."

Na hapo adhana ikaanza. Nikamwona Faki akimpandisha mama yake juu ya punda, macho mekundu, na nikajua anakwenda kukaa naye chini ya mabomu. Nikasimama mimi, mwana wa kurasa tisa, nikapanua kifua.

"Enyi wana wa Mtongwe, na wewe mzee wa kisima, shuhudieni. Tangu dunia kuumbwa hajatokea mtu..."

"Shemeji, fupisha," akasema Kadzo. "Chungu chaungua."

"Chumvi niliitia mimi."

Bi Mwanatatu akanigeukia kutoka juu ya punda. "Ulitaka kunidanganya."

"Nilitaka kukuokoa, Mama."

"Kwa chumvi?"

"Nilidhani ni magadi."

"Miaka miwili chuoni," akasema taratibu, kama mtu anayesoma jiwe la kaburi. Kisha akashuka punda. "Muda ule ulikuwa wa chungu cha huyu. Kisima hakijahukumiwa. Mwidani, lete mbaazi zako. Na wewe kakae kule, mikono niione yote miwili."

Nikakaa kule. Chungu kikaoshwa, moto ukawaka upya. Karibu na alasiri akaitoa mbaazi moja, akaipuliza, akaiweka kati ya yale meno mawili ambayo hayakuwa yamekutana miaka mingi. Punda mwenyewe aliacha kutafuna.

"Imeiva," akasema.

Mwidani akajipangusa macho kwa kilemba. Kadzo akapiga kigelegele. Wengine na waandike habari za manowari na majemadari. Mimi nasimulia kwamba siku ile, Matuga, mbaazi ilisalimu amri, na watu kumi na wanne wakapata kwao.

"Basi kesho twahama," akasema Bi Mwanatatu, akilamba kidole. "Mchi nitaushika mwenyewe. Na kile kinu changu cha mbambakofi, kilichoingia nyumbani kabla mlango haujatiwa, atanibebea nani?"

Faki, mpasua magogo, akainua macho mbinguni. Nami nikayainua. Jeshi zima likaanza kutafuta ndege za Mjapani.