Muthokoi Kwenye Televisheni

Leo nimeaibika mpaka ndani ya tumbo, na sisemi kwa mafumbo.

Mnalijua hili tumbo langu. Miaka yote linawaka moto, nimemeza dawa za kila duka hapa Kithimani, na hakuna aliyewahi kuangalia ndani kuna nini. Kipimo kiko Nairobi, na Nairobi inataka nauli, mahali pa kulala na mtu wa kukukamulia ng'ombe. Basi ilipotangazwa kanisani kwamba mashine ya kuchungulia tumbo inaletwa zahanati yetu, na mheshimiwa ataizindua, nililia. Nikachaguliwa kuwa mgonjwa wa kwanza. Sharti lilikuwa moja: nisile chochote tangu jana usiku.

Sasa, mpishi wa kikundi cha akina mama ni nani? Ni mimi. (Mnaona mtego huo.) Mgeni haondoki Ukambani bila kula muthokoi, kwa hivyo tangu alfajiri nilikuwa nyuma ya zahanati nikikoroga mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Kwaya ikaimba nyimbo zote, ikarudia, ikachoka. Tumbo langu likiwa tupu linachoma kama pilipili, na sufuria iko mbele yangu. Nikaonja chumvi. Kuonja si kula, kila mpishi anajua. Nikaonja tena, nihakikishe. Kufikia adhuhuri nilikuwa naonja kwa bakuli.

Hatimaye magari yakafika. Tukahutubiwa sana kuhusu kupeleka huduma karibu na mwananchi. Kisha daktari, kijana mpole wa Nairobi, akaniita ndani.

"Mama, umekula kitu?"

"Hapana, daktari." (Aliuliza kula. Hakuuliza kuonja.)

Nilidhani mlango utafungwa. Wapi! Mheshimiwa alitaka kuona mashine ikifanya kazi, akaingia na wapiga picha wake, chifu na pasta. Kwaya ikajaa dirishani. Televisheni ya ile mashine ikageuzwa iwaelekee. Nikapuliziwa dawa kooni, mpira mwembamba wenye kamera ukateremka, machozi yakanitoka na siwezi kusema neno.

Picha ikatokea. Mheshimiwa akavaa miwani, akakunja uso wake wa huzuni, ule wa gazetini.

"Daktari, hii yote nyeupe nyeupe ndiyo ugonjwa?"

Daktari akainamia televisheni. "Hapana, mheshimiwa. Hii ni muthokoi."

"Na hiyo ingine ni maharagwe," akasema Mama Nduku, mwenyekiti wa kikundi chetu, kutoka dirishani.

Kwaya yote ikaangua kicheko. Pasta pia, Mungu anamwona. Aliyetuchelewesha nusu siku hakuna aliyemcheka.

Mpira ukatolewa haraka nisije nikapaliwa. Daktari akaninong'onezea kwamba chakula kimeficha kila kitu, nirudi siku nyingine. Nikamuuliza siku gani. Akaanza kukusanya vifaa vyake. Kumbe mashine ilikuwa ya kuazima, ya uzinduzi tu, na ilifungwa kwenye sanduku nikiwa bado napangusa mdomo. Hapo nililia tena, na safari hii ni kwa hasira.

Mheshimiwa alikula sahani mbili. Akamsifu mpishi, akasema chumvi imekaa sawa kabisa.

Kwa hivyo mkiulizwa, huduma ilifika karibu na mwananchi. Ilimkuta ameonja, ikarudi Nairobi.