Kadi ya Mwanamke Anayesinzia

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu Fenna kavunjika nyonga, na mimi natumwa makumbusho! Miaka yote alikwenda yeye, mimi nikimsubiri mkahawani. Kila mara alitoka na postikadi moja tu, ya picha iliyomgusa. Sheria yake: hununui kadi ya picha ambayo hukusimama mbele yake. Zimejaa ukuta wa choo, zinabanana na kalenda ya siku za kuzaliwa. Sasa anataka nikamtazamie picha moja, nije nimsimulie. Akipata kiti cha magurudumu, atachagua wa kumsukuma siku ya kwanza ya kurudi makumbusho: mimi, au jirani Wiebren, mwalimu mstaafu anayejua kila mchoraji alikufa kwa ugonjwa gani. Wiebren amsukume mke wangu! Labda niwe nimezikwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Dukani. Kosa si langu, duka la makumbusho wameliweka kabla ya ngazi. Nikachukua kadi ya mwanamke anayesinzia kando ya jiko, nikaenda zangu kunywa kahawa.

Nyumbani nikamwaga maelezo yote: kofia nyeupe, paka, mkono uliolegea. Fenna kafumba macho, anatabasamu. Nikajiona bingwa. Mara akauliza picha yenyewe ina ukubwa gani.

Lo! Kadi zote si saizi moja?

Nikasema kama mlango, ilibidi nirudi nyuma ndipo niione yote. Fenna akafumbua macho. Wiebren, aliyekuwa ameleta supu ya njegere, akapatwa na kikohozi cha ghafla. Mnafiki.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi haijabandikwa. Iko ndani ya droo. Nikauliza kulikoni. Fenna akasema picha yenyewe ni ndogo, kiganja cha mkono kinaifunika. Aliiona kabla hatujaoana. Kama sikutaka kwenda ningesema tu, angemtuma mwalimu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Baadaye nikamsikia anamuuliza Wiebren kama ana nguvu za kusukuma kiti. Yule naye akajibu mikono yake bado ya kijana, mama. Ya kijana! Mfuko wa viazi unamshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanda ngazi. Magoti yalilia, nikayaambia yafunge mdomo. Picha imejibanza kwenye kona, ndogo kweli. Nikasogea mpaka mlinzi akafoka, babu, rudisha pua hiyo nyuma! Nikamjibu pua ni yangu, nimekuja nayo. Akacheka, akaondoka.

Nikabaki peke yangu na yule mwanamke. Ajabu. Kwa udogo ule, ni kama kuchungulia nyumba ya mtu kwenye tundu la ufunguo. Nikajikuta nabana pumzi nisimwamshe. Kisha nikamfikiria Fenna. Analala hivyo hivyo, mkono umelegea, na katika ndoa yetu yote sijawahi kusimama nikamtazama. Mlinzi alirudi, akanikuta nafuta macho. Nikamwambia vumbi. Akasema hapa hakuna vumbi, babu.

Nilimsimulia Fenna yote, hata machozi. Kuhusu ukubwa hakuuliza tena. Akanituma niitoe kadi kwenye droo nikaibandike, na nikipita kwa jirani nimwambie mwalimu ahifadhi mikono yake, msukumaji kapatikana.

Jumatano, 12 Machi

Kiti hakijaletwa. Fenna kanituma makumbusho ya mji wa pili, eti sasa ananiamini kuliko macho yake. Nikaondoka na moyo safi kabisa. Naapa, nilikuwa naelekea kwenye ngazi.

Lakini duka lilikuwa njiani. Nikachukua kadi moja, nikaigeuza nione bei. Nyuma, kwa herufi za ukubwa wa chawa, wameandika kila kitu: jina la mchoraji, mwaka, urefu na upana kwa sentimita! Majibu yamechapwa, na mimi nimetesa magoti bure. Shuleni wangetufundisha namna hii, nisingetoroka.

Nimeinunua, nikawahi treni ya mapema. Fenna na aulize sasa.